Kishubaka cha sabuni bafuni: fundi anasema grauti inatosha kuzuia maji. Naomba ushauri kabla ukuta haujakatwa

nyumba_bado:

Wakuu, habari za kazi. Naomba mafundi, na wote mliowahi kujenga kishubaka ndani ya eneo la kuogea, mnisaidie.

Ukuta wangu ni wa matofali ya saruji ya sentimita 15, yale yenye matundu. Upande wa chumba cha kulala plasta imeshapigwa na kukauka, upande wa bafuni bado tofali tupu. Vigae viko tayari kwenye maboksi: sentimita 20 kwa 20, unene milimita 8, na tumekubaliana mianya iwe ya milimita 2. Mke wangu anataka kishubaka kimoja chenye rafu, chupa ndefu zikae juu, sabuni na kiwembe chini. Vile vikapu vya chuma vinavyoshika kutu hatuvitaki tena.

Fundi wangu mkono wake ni mzuri, sakafu ya sebuleni aliyotandika imenyooka kila upande. Ila kwenye kishubaka anataka kukata shimo, kupiga plasta, kubandika vigae na kujaza grauti (uji wa kuziba mianya kati ya vigae), basi. Nikimuuliza habari ya maji ananijibu kigae hakipitishi maji, na grauti inaziba palipobaki. Mimi roho haitulii, maana nyuma ya ukuta huohuo ndipo kabati la nguo litakaposimama.

Je, ni kweli inatosha? Na shimo likatwe ukubwa gani ili tusije tukaishia na vipande vya kigae vya upana wa kidole? Kesho kutwa anakuja na grainda.

fundi_timazi:

Ndugu, mwambie fundi aiweke grainda chini kwanza. Hiyo imani kwamba grauti inaziba ndiyo inayonipatia kazi za kufumua mabafu ya watu, na kila ninapofumua nawaonea huruma wenye nyumba, kwa sababu vigae vizuri kabisa vinavunjwa kwa kosa lililo nyuma yake.

Kigae kweli hakipitishi maji ya maana. Grauti ya saruji inapitisha. Inanyonya kila mnapooga, na plasta ya kawaida iliyo nyuma inapokea. Kwenye ukuta ulio wima maji mengi yanateleza na kwenda zake. Kishubaka kina sakafu ndogo, na juu ya sakafu hiyo mnasimamisha chupa zinazochuruzika mchana kutwa. Halafu kuna pembe: nyuso tano zinakutana ndani ya nafasi ndogo, na zinapokutana ndipo nyufa zinapoanzia. Dalili ni zilezile kila nyumba. Unga mweupe wa chumvi unatoka kwenye mistari ya grauti chini ya kishubaka, kisha upande wa pili rangi inavimba na kubabuka. Ukiona rangi imevimba, jua nguo zako zimeshaanza kunuka uvundo.

Kinachozuia maji ni utando unaopakwa juu ya plasta KABLA ya vigae, na utando huo uwe mmoja na ule wa ukuta mzima wa eneo la kuogea. Usikubali kishubaka kipakwe peke yake huku ukuta unaokizunguka ukiachwa. Maji yatapita kwenye grauti ya ukutani, yashuke nyuma ya vigae, yaingie pale utando ulipokomea.

Sasa vipimo. Watu huanza kwa kupima chupa, mimi naanza na vigae. Chukua ubao mwembamba ulionyooka, uchore juu yake vigae na mianya kama vitakavyokaa: milimita 200, kisha 2, kisha 200, kisha 2, mpaka mwisho. Usimamishe ukutani kuanzia pale safu ya kwanza itakapoanzia, halafu uulaze kwa upana. Utaona mistari yote ya grauti kabla hata ya kigae kimoja kubandikwa, na kishubaka kinakaa ndani ya mistari hiyo. Kwa vigae vyako ningechukua viwili kwa upana na vitatu kwa kimo. Upana wa wazi, kutoka ukingo wa kigae cha kushoto hadi ukingo wa kigae cha kulia, ni vigae viwili na mianya mitatu: milimita 406. Kimo ni 608.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapoteleza, wanakata 406. Ndani ya shimo kuna tabaka. Kigae 8, gundi karibu 4, utando karibu 1, jumla 13 kila upande. Kwa hiyo plasta ya ndani ikishapigwa, upana uliobaki uwe 432. Plasta hiyo ikiwa sentimita 1 kila upande, tofali linakatwa 452. Juu ni hesabu hiyohiyo. Chini ni tofauti, kwa sababu mimi chini siweki vigae, naweka jiwe moja zima, granaiti au kipande cha poselini nene, lisilo na mstari hata mmoja wa grauti katikati. Jiwe hilo linakaa juu ya ukingo wa kigae cha ukutani na kuuzidi kwa mbele milimita chache, ili maji yadondoke badala ya kurudi ukutani. Basi plasta ya chini inakuwa karibu sawa na ukingo huo, pungufu kama milimita 3.

Kina kisikutishe. Kata tofali sentimita 9, bakiza 6 nyuma. Ndani utapoteza plasta milimita 10 na tabaka milimita 13, lakini ukuta wa bafuni nao unasogea mbele kwa plasta milimita 15 na tabaka zake 13. Unabaki na milimita 95 za kutumia, na chupa nyingi za shampuu zinasimama humo vizuri. Matundu ya tofali yakifunguka, yajazeni kwa mchanganyiko mzito wa saruji na mchanga kabla ya plasta. Kateni kwa grainda na kubandua taratibu, msitwange kwa nyundo kubwa, plasta ya chumbani itapasuka. Na kabla ya yote hakikisheni hapo hapapiti bomba, waya wala nguzo. Kama ukuta huo unabeba zege la juu, mhandisi auone kwanza.

Mteremko wa chini uwekwe kwenye plasta, si kwenye gundi. Kwa kina cha sentimita 10, milimita 2 hadi 3 kuelekea nje zinatosha. Ukizidisha chupa zitateleza. Pima kwa pimamaji fupi. Utando unafuata mteremko wa plasta, na hilo ndilo tunalolitaka, kwamba hata maji yaliyopita chini ya jiwe yapate njia ya kutoka.

Plasta ikomae na kukauka, ifutwe vumbi lote, ipakwe praima (mpako wa awali wa kusaidia utando ushike) kama kopo linavyosema. Halafu pembe. Hapa sitaki haraka. Kila pembe ya ndani na kila ukingo wa nje unawekewa utepe wa kitambaa cha nyuzi wenye upana wa sentimita 10 au 12, nusu huku nusu kule, ukizamishwa ndani ya mkono wa kwanza (mpako wa kwanza wa utando) ukiwa bado mbichi na kukandamizwa kwa brashi mpaka hewa yote itoke. Zile pembe mbili za chini nyuma, ambapo nyuso tatu zinakutana, kunja kitambaa na kukikata kwa mkasi kizibe kabisa kila upande, au tumia vipande vya pembe vilivyotengenezwa tayari. Mbele, kwenye midomo ya chini kushoto na kulia, ndipo ninapokuta matundu mara nyingi zaidi, kwa sababu kitambaa kikikatwa ili kipinde hubaki kajitundu pale kwenye kona. Ongeza kiraka.

Mkono wa kwanza ukikauka, paka wa pili ukivuka mwelekeo wa ule wa kwanza. Unene ufuate maelezo ya mtengenezaji, maana zipo za kupaka kama rangi, moja kwa moja kutoka kwenye kopo, na zipo za saruji zinazochanganywa na maji yake maalumu, na unene wake haulingani. Ukimaliza, zima taa, washa tochi uilaze sambamba na ukuta. Kila kitundu cha sindano kitaonyesha kivuli. Kisha mimina kikombe cha maji ndani. Yatoke yote nje, yasituame popote.

Ukinunua, soma mfuko. Utando wa kupaka wenye alama ya kiwango cha Ulaya EN 14891 umepimwa kwa kazi hii, kuwa chini ya vigae. Gundi tafuta C2 (daraja la gundi ya saruji iliyoboreshwa) ya EN 12004. Ukipata C2TE S1 ni bora zaidi, T maana yake haiteremki ukutani, E inakupa muda zaidi wa kupanga kigae, S1 inakubali kunyumbuka kidogo.

dada_dekio:

Mimi si fundi, nazungumza kama mtu anayesafisha kishubaka kila wiki. Nyumba_bado, mwangalie mahali kabla hamjafika kwenye milimita. Kisielekeane na maji ya bomba la juu. Cha kwetu kiko ukuta wa pembeni, maji yanakirukia tu, na sabuni inakauka kati ya kuoga na kuoga. Nilikokaa zamani kilitazamana na bomba, sabuni ilikuwa uji siku zote.

Urefu kutoka sakafuni: simameni bafuni wote wawili, na mtoto kama yupo, kila mtu anyooshe mkono bila kuinama. Sehemu ya chini ya kishubaka kati ya mita 1 na mita 1.2 huwa inawafaa watu wazima wengi.

Na jambo moja la kupendeza macho ambalo ningeliomba mlifikirie mara mbili, vile vigae vidogovidogo vya rangi vinavyobandikwa ukuta wa nyuma. Vinavutia sana. Lakini ni mistari ya grauti juu ya mistari ya grauti, na ukungu unakaa kwenye kila mstari. Ningekuwa na nafasi ya kuchagua ningeweka kigae kilekile cha ukutani.

zege_safi:

Fundi timazi umeeleza vizuri, ila naona unamwongezea mwenzetu gharama. Kuna dawa ya kuchanganya kwenye saruji ya plasta, inazuia maji. Ukipiga plasta yenye dawa hiyo, uwiano mmoja kwa tatu, huo utando wa nini tena?

fundi_timazi:

Zege_safi, dawa hiyo naitumia na naikubali. Inapunguza unyonyaji wa plasta. Lakini plasta ikipasuka, na kwenye pembe itapasuka hata kama ni ufa usioonekana kwa macho, dawa iliyomo ndani haina la kufanya. Utando wenye kitambaa unavuka juu ya ufa ule bila kukatika. Tia dawa kwenye plasta ukipenda, kisha upake utando juu yake. Tunazungumzia eneo dogo sana, ukilinganisha na kazi ya kubomoa.

Dada_dekio yuko sahihi kuhusu mahali, na nashukuru kwa kuligusa, mimi nilikimbilia ukuta.

Nimalizie upangaji wa vigae, kwa sababu hata utando mzuri unaweza kuharibiwa hapa. Anza na ukuta wa nyuma. Pili jiwe la chini. Tatu vigae vya pembeni, navyo vikae JUU ya jiwe, visiingie nyuma yake, ili maji yanayoshuka pembeni yatue juu ya jiwe na kutoka. Rafu haitaki skrubu, ukitoboa ukuta umetoboa utando. Panda na vigae vya pembeni mpaka kimo cha rafu, laza rafu juu ya vichwa vya vigae hivyo, kisha endelea juu yake. Kwa mpango wa vigae vitatu, rafu ikae kwenye mstari wa kigae cha kwanza: sabuni chini, chupa ndefu juu kwenye nafasi ya vigae viwili. Nayo ipewe mteremko uleule. Dari ya kishubaka iwe ya mwisho, iegemezwe kwa vijiti mpaka gundi ishike.

Na tafadhali, hakuna kubandika kwa mabonge. Najua ndivyo wengi walivyofundishwa, mabonge matano nyuma ya kigae halafu unagonga. Kati ya bonge na bonge kunabaki pango, na maji yanalala humo. Tumia mwiko wenye meno, paka ukutani, paka na mgongo wa kigae. Kwenye sehemu zenye maji gundi inatakiwa iguse angalau asilimia 95 ya mgongo. Bandua kigae kimoja kingali kibichi mwangalie kwa macho yenu.

mpangaji_juu:

Samahani kuingilia. Sisi bafu limeshatandikwa vigae, limekamilika. Inawezekana kukata kishubaka sasa?

fundi_timazi:

Kukata inawezekana, shida ni kuunganisha. Utando mpya wa kishubaka lazima upande juu ya utando wa zamani, kwa hiyo ubandue vigae kuzunguka shimo, angalau upana wa kigae kizima kila upande, bila kuchana utando uliopo. Na kama ukibandua ukakuta nyuma hakuna utando kabisa, unatengeneza kishubaka kikavu ndani ya ukuta unaonyonya. Kwa hali hiyo mimi ningekushauri rafu ya pembeni ya jiwe, ya pembetatu, inayobandikwa juu ya vigae vilivyopo. Haikati kitu.

paa_na_kuta:

Na kuta nyepesi je? Langu ni fremu ya mbao.

fundi_timazi:

Kazi ni rahisi zaidi, kishubaka unakipanga katikati ya nguzo za fremu na unaongeza vipande vya mbao juu na chini vya kushikilia. Ndani usiweke jipsamu, hata ile ya kijani. Inavumilia unyevu wa hewa, haivumilii maji. Weka ubao wa saruji. Ubao huo hauharibiki kwa maji ila unayapitisha, kwa hiyo utando na kitambaa ni vilevile. Ukipaka utando mbele, usiweke tena karatasi ya nailoni nyuma ya ubao. Unyevu utanaswa katikati, usipate pa kutokea, na mbao zitaoza. Yapo pia maboksi ya povu gumu yaliyotengenezwa tayari kwa ajili ya kuta kama hizo, unalifunga na kuziba viungo vyake vya mbele kwa utando uleule. Ila angalia vipimo vyake kwanza, havibadiliki kufuata vigae vyako.

nyumba_bado:

Wakuu, nashukuru kutoka moyoni. Jana jioni nimekaa na fundi, tumesoma majibu yote pamoja. Kilichomgeuza ni maneno ya unga mweupe, kumbe amewahi kuuona kwenye bafu alilojenga mwingine na alidhani ni saruji mbovu. Ubao wa kipimo ameutengeneza mwenyewe asubuhi. Umetuonyesha kwamba tukianza safu ya kwanza na kigae kizima sakafuni, chini ya kishubaka inaangukia vigae vitano juu, kama mita moja. Mke wangu amenyoosha mkono, amekubali. Tumekihamishia ukuta wa pembeni pia.

Maswali yamebaki mawili. Kingo za mbele, ambapo kigae cha ukutani kinakutana na cha ndani, tunazimalizaje? Na grauti ya epoksi (ya utomvu wa plastiki badala ya saruji) ina faida hapa, au ni kujisumbua?

fundi_timazi:

Nimefurahi fundi amekubali kukaa na kusikiliza, huyo utamaliza naye nyumba vizuri.

Kingo: kama mashine yake ya kukatia ni nzuri, akate kigae cha ukutani na cha ndani kwa pembe ya nyuzi 45 vikutane mdomo kwa mdomo. Inapendeza, lakini asiache ncha kali kama wembe, aiguse kwa jiwe la kunolea, vinginevyo itabanjuka chupa ya kwanza ikiigonga. Kama hana mashine ya kuaminika, mkanda wa alumini au wa chuma kisichoshika kutu unamaliza kazi kwa usafi. Ubandikwe kwa gundi. Usipigiliwe misumari kupita kwenye utando.

Epoksi kwenye kishubaka naipenda. Hainyonyi maji kama ya saruji, na madoa ya shampuu za rangi yanatoka. Lakini inakauka haraka na ukichelewa kufuta inaganda juu ya kigae, kwa hiyo achanganye kidogokidogo, afute kadiri anavyojaza. Akitumia ya saruji, achague CG2 (daraja la grauti ya saruji iliyoboreshwa) yenye herufi W, imepunguzwa unyonyaji. Yoyote atakayochagua haibadilishi habari ya utando.

Grauti isiingie mahali nyuso mbili zinapokutana: pembe zote za ndani, mstari wa jiwe na ukuta wa nyuma, rafu na vigae. Hapo ni silikoni ya bafuni, ile yenye dawa ya ukungu, kwa sababu nyuso hizo zinacheza na grauti itakatika. Achie mianya hiyo wazi wakati wa kujaza grauti, aisafishe gundi iliyojitokeza, aisubiri ikauke kabisa, ndipo aweke silikoni. Asiweke juu ya unyevu, haitashika. Halafu funga bafu, msifungulie maji mpaka saa 24 zipite.